Njooni Mchukue Maji Yenu

Bango letu lilikuwa zuri. Nalisema hilo mapema kwa sababu nyuma ya bango hilo ndiko nilikojificha siku watu walipokatana mapanga kwenye lambo tulilochimba upande wa Sindeni, na kwa sababu maneno yaliyoandikwa juu yake niliyatunga mimi: MAJI HAYA NI YA WOTE. Niliyahangaikia maneno hayo kuliko mtu mwenye akili timamu anavyopaswa kuhangaikia bango. Nilifuta, nikaandika, nikafuta tena. Nilijiona nimefupisha falsafa nzima ya haki katika sentensi inayosomeka hata kutoka juu ya pikipiki.

Siku ile sikutakiwa kuwepo. Mfuko wetu mdogo wa hisani ulikuwa na miiko miwili, na wa pili ulikataza kurudi kutazama tulichotoa. Mfuko ni wa familia moja ya Kiislamu yenye asili ya Kihindi, wenye duka la vifaa vya ujenzi Korogwe mjini. Aliyeuanzisha amekwisha fariki, na sasa anauongoza mjane wake, ambaye mji mzima humwita Bibi. Mimi nilikuwa katibu, maana yake mtu aliyesoma chuo kikuu na hana kazi nyingine ya haraka.

Mwiko wa kwanza wa marehemu ulikuwa kwamba mahali pamoja hapapewi mara mbili, ili na wengine wapate. Wa pili ulikuwa kwamba sadaka haifuatwi. Aliamini kuwa anayerudi kukagua alichotoa huenda kutafuta shukrani ya mara ya pili, na kwamba hayo ni masimango, hata kama hakufungua mdomo. Kwa hiyo tulichimba, tukasoma dua, tukala pilau na wanakijiji, tukaondoka bila kugeuza shingo. Tulifanya hivyo Kerenge, tukafanya hivyo kwingine, na kila mwaka tulijisifu kwa kutojisifu. Tulikuwa kama mtu anayerusha jiwe kichakani, kisha anaondoka kabla hajasikia limempata nani.

Nilikuwa nakwenda mazikoni Handeni. Njiani nikakata kona kwenda lamboni, kwa sababu mwiko ni wa marehemu lakini majivuno ni yangu. Nilitaka kulitazama lile lambo kama mtu anavyoitazama picha yake ya harusi, peke yake, pasipo mtu wa kumcheka.

Nilisikia yowe kabla sijazima injini. Ulikuwa mwezi wa jua kali, mahindi ya vuli yakiwa karibu kukomaa. Ng'ombe walikuwa wamekwisha ingia majini, na nyuma yao, kutoka upande wenye maboma ya wafugaji hadi ukingoni, kulikuwa na njia pana ya mahindi yaliyolala chini. Wakulima walikuja mbio na mapanga na mafyekeo. Hakuna aliyesalimia. Wafugaji walikuwa na rungu, fimbo na sime, na walikuwa wametangulia kujipanga, kama watu waliojua kuwa siku hiyo ingekuja.

Mkulima mmoja mwembamba, wa umri wangu, alimwendea mtamba aliyekuwa amebaki nyuma katikati ya mahindi. Hakumkata shingo. Aliinama, akamkata mishipa ya miguu ya nyuma, mguu huu kisha na ule, kama mtu anayekata kamba za mzigo. Yule mtamba akakaa kitako kama mbwa. Sijapata kuona ng'ombe amekaa namna ile. Alikuwa bado anatafuna.

Ndipo mwanamume mmoja aliyevaa koti la mvua la njano, katika jua lile, alipotoka majini na rungu. Mtamba alikuwa wake. Alipiga pigo moja tu. Taya la yule mkulima lilivunjika kwa mlio wa muwa, na akaanguka juu ya mahindi yake mwenyewe, huku mikono ikiendelea kukata hewa kana kwamba haijapata habari.

Mimi nilikuwa nyuma ya bango. Jiwe liligonga upande wa pili wa bati, na herufi zikatetemeka kwenye paji la uso wangu.

"Soma bango!" mwenye koti alikuwa akipiga kelele. "Limesema wote. Mimi si mtu?"

"Maji ni ya wote," mmoja akamjibu, "na mahindi ni ya wote?"

"Umemkata ng'ombe wangu!"

"Na wewe umemuua ndugu yangu!"

Alikuwa hajafa, lakini hakuna aliyekuwa na nafasi ya kuinama kuhakikisha. Walikatana. Niliona kidole kikining'inia kwa ngozi, na mwenye kidole akikitazama kwa udadisi. Niliona kijana wa kifugaji akitambaa kuelekea majini na mgongo uliopasuliwa na fyekeo. Katika maisha yangu ya uandishi sijapata kuona sentensi yangu ikijadiliwa kwa moto kiasi kile. Wasomaji wangu wa kawaida husinzia.

Mapigano yaliisha kwa sababu ng'ombe walitoka majini wakakimbia, na wafugaji wakalazimika kuwafuata. Kila upande ukakusanya watu wake. Mwanamke mmoja akaliona gari langu, akafungua mlango wa nyuma bila kuuliza ni la nani.

"Mwingizeni humu."

Aliyembeba yule mkulima mwembamba alikuwa mwanawe, kijana wa miaka ishirini na kitu, mrefu, shati lote limelowa damu ya baba yake. Alimlaza kwenye kiti, kisha akarudi nyuma, akaliokota panga la baba.

"Ingia," mama akamwambia.

"Mimi nabaki, mama."

"Nimesema ingia."

"Nimemwona aliyempiga. Nimelishika kichwani lile koti."

Akalifuta panga kwa jani la hindi, taratibu, pande zote mbili, akaondoka. Mama akapanda. Njia nzima alilishikilia taya la mumewe kwa kanga iliyokunjwa, na kila gari liliporuka kwenye shimo mgonjwa alitoa sauti ambayo haikuwa ya mtu wala ya mnyama. Tulikuwa tumeifikia lami ndipo aliponisemesha.

"Wewe ni wa serikali?"

"Hapana, mama. Mimi ni wa ule mfuko. Waliochimba lambo."

Nilidhani atanipiga, na kwa kweli ningeona nafuu.

"Basi njooni mchukue maji yenu," akasema.

"Pole sana, mama, lakini maji..."

"Zamani ng'ombe walikuwa wanazungukia nyuma ya kilima kwenda mtoni. Hawakuwa na shida na mimi. Nyie mmewachimbia dimbwi mbele ya shamba langu, mkala pilau, mkaenda zenu. Hamkuweka njia, hamkuweka uzio. Mlifikiri ng'ombe anaruka?"

Mwenyekiti wa kijiji alikuwa amekwisha nipigia simu kuomba njia na uzio na birika la kunyweshea nje ya lambo, nami nikamjibu kwa upole mkubwa kwamba mfuko hautoi mahali pamoja mara mbili. Nakumbuka nilitumia neno "kwa bahati mbaya".

"Sasa mvua za masika zinakuja," akaendelea. "Watakwenda zao, majani yatakuwa mengi. Masika yakikata watarudi. Huyo mwanangu sina mwingine. Atamvizia yule wa koti. Aue au auawe, kwangu ni kaburi tu. Kwa hiyo kabla hawajarudi, hilo dimbwi lisiwepo."

Niliwafikisha hospitali. Mazikoni sikwenda, nisingeweza kuingia msibani na gari linalonuka vile.

Bibi alinisikiliza akiwa nyuma ya kaunta, kati ya makopo ya misumari na bawaba zilizoning'inia. Ni mwanamke mdogo wa mwili, miguu inamsumbua, na husema mambo makali huku akipima nyaya za watu.

"Nani alikutuma kule?" akauliza.

"Hakuna, Bibi. Nilipita tu."

"Hukupita. Ulikata kona. Ukimpa mtu shati, utamfuata barabarani kuangalia kama amefunga vifungo?"

"Bibi, watu wamekatana."

"Watu walikuwa wanakatana kabla hujazaliwa, na wewe hujawahi kulia. Unalia kwa sababu safari hii pana bango lako."

Hilo lilikuwa kweli kiasi kwamba niliangalia misumari. Akanikumbusha kuwa mwaka huu ni zamu ya Kabuku, lambo jingine, na kwamba andiko lake lilikuwa tayari mezani kwangu. Lilikuwa tayari kweli. Lilikuwa na ukurasa mzima juu ya amani na ustawi.

Sikubishana naye. Anayebishana naye hununua kitu asichokihitaji.

Siku chache baadaye yule mama aliingia dukani. Alikuwa ametoka wodini kwa mumewe, na mtu fulani alimwelekeza. Akasema, "Shikamoo, Bibi," Bibi akaitikia marahaba. Mama akafungua fundo la kanga yake, akamimina juu ya kaunta, kati ya bawaba na kitasa kilichokuwa kikisubiri mnunuzi, meno. Mengine yalikuwa na vipande vya fizi. Moja liliviringika hadi kwenye mizani.

"Haya ni yenu," akasema. "Nimewaletea, maana nyie mnaona tabu kuja kuchukua."

Mteja aliyekuwa akinunua rangi aliliacha kopo akatoka. Bibi hakupiga kelele. Alilitazama lile jino la kwenye mizani, kisha akaweka kiganja juu ya mengine, kama mtu anayefunika chakula kisiingie nzi.

"Anakula?" akauliza.

"Uji. Kwa mrija."

"Na kijana wako?"

"Kila asubuhi ananoa."

Bibi akaniita kwa sauti, ingawa nilikuwa nimesimama karibu kiasi cha kunusa karafuu ya chai yake. "Msomi. Lete gari."

Mwana wa Bibi anayeishi Dar es Salaam alipiga simu tukiwa njiani, maana habari za Bibi kufunga duka mchana husafiri haraka. Niliisikia sauti yake ikitoka kwenye simu. "Mama, huko si tulishatoa?"

"Hatukutoa," Bibi akamjibu. "Tulitupa." Akakata simu, akaniambia nisiendeshe kama nimebeba mayai.

Nyuma ya gari alikuwa amepakia sululu na majembe kutoka dukani. Sikuuliza. Nilidhani ni zawadi.

Mkutano ulifanyika juu ya tuta la lambo. Wakulima walikaa upande mmoja, wafugaji upande wa pili, na katikati palikuwa na Bibi juu ya kiti cha plastiki tulichobeba. Yule mwenye koti la njano alikuwepo; polisi waliwakamata watu wa pande zote mbili, hao wakapata dhamana, na kesi ikaanza safari yake ndefu. Alikuwa bado amevaa koti. Kijana wa yule mama alisimama nyuma kabisa, mkono mmoja mgongoni, na kila mtu alijua mkono ule umeshika nini.

Walitukanana kwa muda. Wakulima waliwaita wenzao watu wasio na kwao. Wafugaji wakasema kuna wanaume huku wanaopigana na miguu ya ng'ombe kwa kuwa uso wa ng'ombe unawatisha. Kicheko kilipita upande mmoja na mawe yakaokotwa upande wa pili.

"Mnataka libomolewe?" Bibi akauliza.

"Libomolewe," wakulima wakajibu.

"Haya. Sululu zipo kwenye gari. Nilichimba mimi, nabomoa mimi, ila miguu yangu hainiwezeshi. Nani anaanza?"

Hakuna aliyekwenda garini. Kisha wanawake waliokuwa na ndoo wakaanza kunung'unika. Mmoja akauliza kwa sauti, "Na sisi tutachota wapi? Tumesahau tulikokuwa tunakwenda?"

"Nyamazeni," mwanamume mmoja akawaambia.

"Nyamaza wewe, unayeletewa ya kuoga."

"Na mkibomoa," akasema mwenye koti, "sisi tutapita tu kwenda mtoni, na pale nyuma ya kilima sasa pamelimwa. Tutapita juu ya mahindi ya nani, koko?" Alimwita Bibi koko, kama wanavyowaita bibi zao.

Hapo nilielewa kitu ambacho hakikuwa kwenye andiko langu lolote. Kitu ukishakitoa hakirudi mfukoni, na kutokurudi kwake si sababu ya kukipa mgongo. Maji yalikuwa yamekwisha hamisha mashamba, njia za ng'ombe na safari za wanawake. Yule mama aliyetaka tuje tuyachukue alikuwa na haki kabisa, na hatukuweza.

Naye alilielewa hilo wakati uleule, na halikumpendeza. Alikwenda garini, akachukua sululu, akarudi, akaipiga kwenye tuta kwa nguvu zake zote. Udongo ukaruka. Akapiga tena. Wanawake wakamvamia wamzuie, ndoo zikagongana, mmoja akapigwa kiwiko mdomoni akatema damu. Katika vurugu ile kijana akautoa mkono nyuma ya mgongo. Alishuka tuta moja kwa moja kumwendea mwenye koti, bila kelele, panga likiwa chini kando ya mguu. Mwenye koti alimwona, akainua rungu. Watu walifungua nafasi. Nina aibu kusema kuwa na mimi niliifungua.

Mama alimfikia mwanawe kwanza. Sululu alikuwa amekwisha iangusha. Alimpiga kofi la uso, kisha jingine, kisha akaendelea, kwa viganja, kwa ngumi, kifuani, shingoni, mbele ya kijiji kizima, mpaka kijana yule mrefu akarudi nyuma akiwa amejikinga kwa mkono mtupu, lile panga ameliachia majanini.

"Shamba ni langu," akamwambia akihema. "La mama yangu mzazi. Si la baba yako, si lako. Nitasema mimi pa kumwaga damu."

Akarudi kuiokota sululu, akamgeukia mwenye koti. "Na wewe njoo."

Mwenye koti alimfuata, rungu mkononi, mpaka pale mahindi yalipokuwa yamelala, pale mumewe alipoangukia. Mama akaanza kuburuta ncha ya sululu ardhini, kutoka ukingo wa shamba hadi karibu na lambo. Aliburuta mstari mmoja, akarudi akiburuta wa pili, na katikati yake pangeweza kupita ng'ombe wanne au watano wakiwa sambamba.

"Hapa," akasema. "Umekwisha paharibu, pitia hapahapa. Ng'ombe wako akitoka nje ya mstari, sitamzuia tena huyu."

Mwenye koti aliutazama ule mstari, akamtazama kijana, akatikisa kichwa kukubali. Kuhusu taya hakusema pole, na kuhusu mtamba hakuna aliyemwambia pole yeye.

Lambo la Kabuku halikuchimbwa mwaka ule. Chote kilichokuwepo kilikwenda kwenye ile njia ya mama: nguzo, waya, na birika la saruji nje ya lambo ili ng'ombe wasiingie majini. Masika yalipoanza tulipanda minyaa kando ya nguzo iwe uzio hai. Mwana wa Bibi na wenzake wa Dar es Salaam walilalamika kwamba hakuna cha kupiga picha, na kweli hakuna. Njia ya ng'ombe ikipigwa picha huonekana kama mahali ambapo kitu kilisahauliwa. Bibi alikwenda kila baada ya muda, akiwa na kiti chake. Mwanzoni aliketi kimya, akiogopa yale masimango aliyoyakataza marehemu. Baadaye akawa anamfokea fundi wa birika kwa namna ambayo ilimhuisha kuliko dawa zake za presha. Bango nililing'oa mimi. Bati lake lilitumika kuezekea banda la kuku la mtu.

Kisha masika yakakata.

Tulifika mapema. Wakulima walikuwa wamesimama kando ya mahindi makavu yaliyosubiri kuvunwa, wote na mapanga. Ni kweli kwamba mkulima hutembea na panga, ila si lazima atembee nalo hivyo. Yule mwenye taya alikuwepo, uso umepinda upande mmoja. Mkewe alisimama karibu na mwanawe bila kumgusa.

Ng'ombe walitokea wakiwa na vumbi lao, mwenye koti la njano mbele. Wakaingia njiani. Waya ulilia walipousugua. Waliopita walifika birikani wakainamisha vichwa, na wengine wakafuata, na nilianza kupumua, jambo ambalo katika maisha yangu daima limekuwa la mapema mno. Pale ambapo minyaa ilikuwa bado mifupi na nguzo moja imelegea, dume moja jeusi lilisukumwa na wenzake, likaangusha nguzo, likaingia kwenye mahindi.

Kijana akaingia nyuma yake na panga juu.

Mwenye koti aligeuka, rungu likapanda lenyewe. Nilimwona mama akipiga hatua kuingia kwenye mahindi. Dume lilikuwa limesimama, linang'oa hindi, mgongo wake wote uko wazi mbele ya kijana, na miguu ya nyuma pia.

Panga lilishuka. Lililipiga dume kwenye paja kwa ubapa wake, kofi zito lililosikika hadi lamboni, kisha jingine, kisha jingine, kwa chuki yote ambayo mkono ule ulikuwa umeihifadhi, na ngozi ikafura lakini haikupasuka. Dume liliruka, likageuka, likarudi kwenye njia likikojoa kwa hofu. Kijana akalifuata hadi kwenye pengo. Alisimama pale, kifua kinapanda na kushuka, akitazamana na mwenye koti juu ya nguzo iliyoanguka.

"Ng'ombe wako ni mjinga," akasema.

"Nguzo yenu ni mbovu," mwenye koti akajibu, na rungu likashuka taratibu.

Mama alikaa chini ghafla, palepale kwenye mahindi, kama aliyekatwa miguu. Mumewe akainama kumshika bega. Kijana akaanza kuisimamisha nguzo, akiikanyagia udongo kwa kisigino, panga amelibana kwapani.

Nilikuwa na sentensi tayari kichwani, sentensi nzuri, ya kufungia. Nikamgeukia Bibi na kumuuliza kama tuondoke sasa, maana jua lilikuwa limepanda na duka limefungwa.

"Tuende wapi?" akasema. "Lete kiti. Hawa wa nyuma bado hawajanywa."